Tulivyoyavuka Madaraja ya Parke

Nilikulia Ifakara, na mtu wa Ifakara hafundishwi baiskeli. Kwetu baiskeli ndiyo teksi, ndiyo lori, na usiku ikibidi ndiyo gari la wagonjwa. Juu ya Phoenix ya baba nimebeba gunia la mpunga, mkungu wa ndizi, na siku moja shangazi aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua. Kwa hiyo mwaka 1983, nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Indiana mjini Bloomington, Marekani, nilipoalikwa kuendesha baiskeli siku mbili vijijini kwenda kuangalia madaraja, swali lililonijia upesi lilikuwa: tunapeleka nini?

Hatukuwa tunapeleka kitu.

Mji ule ulikuwa umeshikwa na homa ya baiskeli. Chuo kilikuwa na mashindano yake, Little 500, tangu 1951, na filamu ya Breaking Away, iliyotoka 1979, ilipigwa pale pale mjini. Kundi letu lakini halikuwa la wakimbiaji. Palikuwa na wanafunzi, mwalimu wa hisabati na mkewe, seremala mmoja mstaafu mwenye mikono mikubwa kama sepetu, nami na mwenzangu wa Mombasa, ambaye kama mimi alikuwa akisaidia madarasa ya Kiswahili hapo chuoni. Baiskeli zikapakiwa kwenye tela, nasi tukapelekwa hadi Rockville, makao makuu ya kaunti ya Parke, magharibi mwa jimbo. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Kila Oktoba, tangu 1957, wenyeji hufanya tamasha la madaraja la siku kumi, na barabara hizo nyembamba hufurika magari. Kiongozi wetu alitaka tuwahi kabla ya rabsha hiyo.

Madaraja yenyewe ni ya mbao, yana kuta na paa. Ukiliona moja kwa mbali utadhani mkulima amejenga ghala juu ya mto akasahau kuweka milango. Ubavuni mekundu, na uso wa mbele umepakwa rangi nyeupe, ukiandikwa jina la daraja, mwaka na fundi aliyelijenga. Jina lililojirudia lilikuwa J. J. Daniels, lililofuata, J. A. Britton. Mabwana hawa wawili, kwa nusu karne na zaidi, waliifunga mito ya kaunti ile kwa mbao.

La kwanza kwetu lilikuwa West Union, la mwaka 1876, kazi ya Daniels, juu ya mto Sugar Creek. Lina urefu wa mita 96 hivi, refu kuliko yote yaliyosalia Parke. Tulitoka kwenye jua kali tukaingia gizani ghafla, na kwa muda hakuna aliyeona kitu. Harufu ilikuwa ya mbao kavu na kinyesi cha njiwa. Chini ya tairi sakafu ilinguruma. Macho yalipozoea nikaona miale myembamba ya jua imelala sakafuni, kila mmoja ukitoka kwenye ufa wake ukutani.

Sakafu ilikuwa imeongezewa mistari miwili ya mbao kwa urefu, njia ya magurudumu ya magari. Kati ya ubao na ubao palikuwa na mwanya. Msichana mmoja aliyekuwa na baiskeli ya mashindano alipita juu yake. Tairi la mbele, jembamba kama kidole, likazama na kunasa, naye akapitiliza juu ya usukani. Tulimkuta amekaa kitako, viwiko vinatoka damu, anacheka na kulia kwa pamoja. Ringi ilikuwa imepinda vibaya.

“Bwana,” akasema mwenzangu wa Mombasa, “hii ndiyo maana wazee wetu walishikamana na punda.”

Hapo Ifakara ikanifaa. Niliitoa ringi, nikaibana kwenye nguzo ya daraja, nikaisukuma kwa goti mpaka ikarudi karibu na duara lake, kisha nikakaza spoku moja moja, nikiizungusha na kuitazama inavyoyumba. Wamarekani wale walikuwa na vifaa vya thamani mifukoni, lakini kazi hiyo hakuna aliyeijua. Kwao ringi iliyopinda ilirudi dukani. Baiskeli ilimaliza safari, ikichechemea kidogo.

Kutoka hapo tulipanda na mto hadi Jackson, la mwaka 1861, ule mwaka Wamarekani walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Kama lingekuwa moja tu la kuona, ningechagua hili. Linavuka karibu mita 60 bila nguzo hata moja majini, na magari yalikuwa yakipita. Kila upande kuna tao kubwa la mbao, limeikumbatia kenchi ya mihimili na mishazari na kuteremka hadi kwenye msingi wa mawe. Mtindo huo Theodore Burr aliupatia hataza mwaka 1817. Yule seremala alitembea pole pole akigonga mihimili kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, kama daktari.

Nikamwuliza, “Fundi, paa hili ni la kuwakinga watu na mvua?”

“Wewe ukilowa utakauka,” akanijibu. “Tao halikauki.”

Akaeleza. Mvua hujificha kwenye maungio, pale mbao mbili zinapobanana, na kuoza huanzia humo ndani, bila mtu kuona. Daraja la mbao lililoachwa wazi huishi miaka kumi, ishirini likibahatika. Lile tulilosimama juu yake lilikuwa limepita 120. Paa na kuta ni nguo ya daraja. Zikichakaa unazibadilisha, mwili unabaki. Hadithi kwamba yalifunikwa ili farasi wasiogope maji aliipuuza kwa mkono.

Mwenzangu alikuwa ameinua uso anatazama darini. Mjomba wake alikuwa fundi wa majahazi. “Haya ni mataruma,” akaniambia. “Ndugu yangu, hili ni jahazi limepinduliwa.” Tangu hapo yeye na seremala hawakuachana, walibishana kwa Kiingereza cha vidole hadi jioni, juu ya misumari ya chuma na vigingi vya mti.

Juu ya milango mingi paliandikwa amri ya zamani: vuka daraja hili kwa mwendo wa kutembea. Iliwahusu wenye farasi, maana kwato zinazopiga mbio kwa mdundo mmoja huutikisa mjengo wote. Kiongozi wetu aliichukulia kama sheria hai, nasi tukashuka na kukokota baiskeli. Nilidhani ni mbwembwe, lakini baada ya lile anguko sikuwa na la kusema.

Usiku tulilala kwenye mahema katika hifadhi ya Turkey Run. Karibu na hapo kuna daraja la Cox Ford, la 1913. Mafuriko ya mwaka huo yalibomoa madaraja mengi, na Britton akachukua matao ya daraja lililobebwa na maji akayatumia kulijenga hili. Chini ya miti ya bonde lile mke wa mwalimu aliokota matunda laini ya kijani yaliyoanza kuwa meusi, akatugawia. Niliuma, nikakaa kimya. Lilikuwa na ladha ya topetope, mbegu zile zile nyeusi, Indiana, karibu na majira ya baridi! Baadaye nilisoma kwamba miti hiyo kweli ni ya jamii moja na topetope na stafeli.

Nisifiche: weusi wawili juu ya baiskeli hawakuwa jambo la kila siku Parke. Magari yalipunguza mwendo, watu wakatukodolea macho. Mzee mmoja aliyeegemea pikapu alituuliza tumetoka wapi, tukamwambia, akauliza kama kwetu kuna mahindi. Mazungumzo yakawa ya mahindi.

Siku ya pili tulielekea kusini, Mansfield, kisha Bridgeton. Daraja la Bridgeton lilijengwa 1868 juu ya Big Raccoon Creek, kando ya kinu cha nafaka na bwawa ambalo maji yake yanaporomoka mfululizo. Tulikula mikate yetu hapo. Seremala akaniuliza kwetu tunavukaje mto.

“Kilombero? Kwa pantoni. Ikiharibika, kwa mtumbwi.”

“Na baiskeli?”

“Inalazwa ndani ya mtumbwi.”

Alitikisa kichwa muda mrefu. Kaunti ile ilikuwa na madaraja kuliko mahitaji. Mji wangu, wenye baiskeli kuliko watu, haukuwa na hata moja juu ya mto wake mkubwa. Daraja la Kilombero lilifunguliwa 2018, mimi nikiwa nimeshastaafu.

Kule Parke, mwaka 2002 daraja la Jeffries Ford lilichomwa moto. Tarehe 28 Aprili 2005 mtu alilitia moto la Bridgeton, likateketea lote. Mwaka uliofuata wenyeji walikuwa wamesimamisha jingine mahali pale pale, kwa mtindo ule ule wa Burr. Wapo wanaosema hilo jipya ni nakala tu. Sikubaliani nao. Britton alijenga kwa matao ya daraja lililokufa, na paa za yote zimebadilishwa mara nyingi. Kinachodumu ni ufundi na watu walio tayari kuutumia.

Leo madaraja ya Parke yamebaki 31. Ukijaliwa kufika, nenda Septemba kabla ya tamasha, chukua baiskeli ya tairi nene, na kila mlangoni shuka utembee.