Nisimame Peke Yangu, ao Nitafute Avoka?

Mtu wa parokia akipata karatasi ya tribinali, mara nyingi hamkimbilii avoka, anamkimbilia katekista. Anafikiri kwamba aliyesoma Kilatini ataweza kusoma kila karatasi. Ndivyo yaya yangu alivyofika kwangu, akaweka mezani barua ya Kifaransa yenye mihuri. Mume wake alikuwa amekufa, akimwachia watoto wanne na parseli moja hapa Kalemie. Sasa ndugu za marehemu walimwita tribinalini kusudi nyumba irudi katika jamaa yao. Walisema, mwanamke alikuja na kikapu chake, na aondoke nacho.

Akaniambia: «Ndugu yangu, wewe ulisoma seminari. Simama, unisemee. Avoka anataka dola, na mimi ninauza ndagala tu.»

Neno hili si la kuchekwa. Feza anayopewa avoka ndiyo feza ya shule ya watoto. Tena sheria haimfungi mtu kinywa. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 19, yasema kwamba katika mashitaka ya makosa kila mtu ana haki ya kujitetea mwenyewe ao kusaidiwa na mteteaji anayemchagua. Hata katika maneno ya mali na ya jamaa, mwenye kuitwa aweza kufika yeye mwenyewe mbele ya mwamuzi. Sheria ya Kanisa nayo, katika kanuni ya 1481, inamwachia mtu ruhusa ya kujisemea, lakini anayeshitakiwa kwa kosa lenye azabu sharti awe na avoka. Naona wazee wa Kanisa waliwajua watu vema, kwani mwenye hofu hasikii sawasawa hata lile analoulizwa.

Yaya alinijibu kwa mfano wa Mtume Paulo. Tunasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 24, namna kuhani mkuu Anania alivyoshuka Kaisarea pamoja na msemaji, jina lake Tertulo, fundi wa maneno, aliyeanza kwa kumsifu liwali Feliki. Paulo hakuwa na msemaji. Alihesabu siku: zilikuwa kumi na mbili tu tangu alipopanda Yerusalemu. Akaonyesha tena kwamba wale Wayahudi wa Asia waliomwona hekaluni hawakuja kushuhudia. Ni kweli, alijisemea vizuri sana. Lakini tukumbuke kwamba Paulo alikuwa amesoma Sheria miguuni pa Gamalieli, akazijua na haki za raia wa Roma. Kwa hiyo mbele ya Festo aliweza kukata rufani kwa Kaisari. Pamoja na hayo alikaa kifungoni miaka miwili, kwani Feliki alikuwa akingoja rushwa. (Jambo hilo la mwisho wengi wetu hatuhitaji kufasiriwa.)

Basi tuliketi, tukayagawanya maneno yake mafungu mawili. La kwanza lilikuwa mambo aliyoyaona kwa macho yake: nani alinunua mabati, nani alimwuguza marehemu, watoto walizaliwa wapi. Katika haya hakuna avoka atakayemshinda yaya. Fungu la pili lilikuwa makaratasi, na hapo mimi mwenyewe nilinyamaza. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotengenezwa tena mwaka 2016, yawapa watoto robo tatu za urizi. Mjane yumo katika fungu linalofuata, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu, tena anayo haki ya kutumia sehemu ya nyumba. Lakini sharti ndoa ijulikane kwa serikali. Yaya alileta cheti cha ndoa ya Kanisa, akidhani kimemaliza yote. Mbele ya Mungu ndoa ile ni kamili. Mbele ya serikali, cheti cha parokia peke yake hakitoshi. Ninyi mliofunga ndoa kanisani, mmekwenda kwa ofisa wa serikali kuiandikisha?

Kwa ajili ya fungu hilo tulitafuta avoka. Kwanza tulikwenda kwa Tume ya Haki na Amani ya jimbo, wakatusikiliza bila malipo. Tena sheria ya mwaka 1979 inawaagiza mavoka kuwa na ofisi ya kuwashauri bure watu wasio na uwezo. Wako pia wateteaji wasio mavoka, walioruhusiwa kusema katika tribinali za chini. Lakini yule mwenye mkoba, anayesimama mlangoni na kunong'ona kwamba anamjua mwamuzi, mpite bila salamu. Mtakatifu Yvo wa Bretanya, aliyefariki mwaka 1303, alikuwa padri na mwamuzi, akawatetea maskini bila kuwatoza kitu. Ndiye msimamizi wa mavoka, na wengine wao wanamfuata kweli. Wetu hakufanya bure. Lakini alituandikia bei yote tangu mwanzo, akakubali ilipwe kidogo kidogo, kwa risiti.

Siku ya tribinali avoka alitoa makaratasi, pamoja na mashahidi wa ndoa, akasema kwa Kifaransa. Kiisha mwamuzi akamgeukia yaya, akamwuliza kwa Kiswahili ni nani aliyeezeka nyumba. Avoka alinyamaza. Yaya alitaja mabati, moja moja, na samaki aliouza kwa kila bati. Shemeji yake mkubwa alitazama chini.

Hukumu ilipotoka na kupelekwa kwa wale ndugu, avoka alitufundisha kuhesabu siku thelathini za rufani. Yaya alizitia alama ukutani kwa kaa la moto. Zilipita. Mdogo wa marehemu ndiye peke yake anayekuja hata leo kuwasalimu watoto, na yaya humpikia.