Ukiuliza 'kikao' Mpanda, utapelekwa baa!

Ukitaja Katavi, mtu wa Dar anawaza viboko. Si uongo, kiangazi kikikaza Mto Katuma hubaki madimbwi, na viboko kwa mamia hubanana kwenye tope mle mbugani. Lakini safari hii, mpenzi msomaji, sikufuata viboko. Nilikuwa Mpanda mjini, makao makuu ya mkoa huo ulioanzishwa mwaka 2012, na niliyoyaona yanamhusu kila mwenye ndugu anayepiga mtindi. Na nani hana?

Nilimsindikiza binamu yangu, mnunuzi wa asali. Jamaa ana miezi tisa hajagusa kilauri. Huko Dar anahudhuria vikao vya Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, ambako watu waliozidiwa na pombe hukaa, husimuliana yaliyowafika, na wakitoka nje hakuna kutajana majina. Hakuna kiingilio wala ada. Sharti ni moja tu: uwe unataka kuacha kunywa.

Tuliingia kwa treni kutoka Tabora, kwa reli ile inayochepuka Kaliua, iliyofikishwa Mpanda mwaka 1950 kufuata madini ya risasi. Mji umechangamka, pikipiki tele, mchele safi, asali ndiyo usiseme. Tatizo ni kwamba asali hiyo hiyo ndiyo inayotengenezewa wanzuki! Binamu akienda kukagua mzigo, wenyeji kwa ukarimu wao wanamletea na kopo la kukatia kiu. Siku ya kwanza akakataa. Ya pili akakataa. Usiku wa tatu, muziki wa baa ya jirani ukipenya dirishani, akaniamsha: "Dogo, hamu imenikaba. Kesho nisipopata kikao, nakunywa."

Hapo sasa! Asubuhi nikamuuliza dada wa mapokezi kikao cha walioacha pombe kiko wapi. Akacheka mpaka akashika meza. "Walioacha? Kaka, hapa tunao wanaoanza!" Kijana wa bodaboda yeye akasema kikao anakijua, tupande. Akatushusha mlangoni pa baa. Si unajua tena, kwa lugha ya mjini kikao ni meza na chupa.

Nilidhani binamu atakasirika, kumbe akanisimulia kisa cha Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York. Mei 1935 bwana huyo alikuwa mji wa Akron, Marekani, biashara imemvunjikia, yuko peke yake hotelini na baa inamwita. Akaenda kwenye simu, akaanza kuwapigia watu wa makanisa, akiomba aonyeshwe mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Mwisho akaunganishwa na daktari mmoja, Bob Smith, wakaongea masaa. Tarehe 10 Juni mwaka huo, siku daktari aliyokunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo AA wanayoihesabu kuwa siku yao ya kuzaliwa.

"Kwa hiyo hatutafuti jengo," binamu akamaliza. "Tunatafuta mtu."

Tukaingia zahanati. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, hakucheka hata kidogo. Alitusikiliza, akatoka nje na simu yake. Baada ya nusu saa akaja mzee fundi baiskeli, mikono imejaa grisi. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mgonjwa ni yupi?"

Binamu akanyoosha mkono.

"Basi tuko wawili," akasema mzee.

Walikaa chini ya mwembe. Mimi niliruhusiwa kusikiliza kwa sharti la kusahau majina, ndiyo maana huyaoni hapa. Mzee hajawahi kuzisikia hatua 12 za AA. Alicho nacho ni miaka minne bila gongo. Alisema kipindi kibaya kwake ni baada ya mavuno, mpunga ukiuzwa, pesa iko mfukoni na kila rafiki anataka kukununulia. Siku hizo pesa anamkabidhi mkewe, na jioni analala mapema kama kuku. Binamu akacheka, kisha akalia, kisha akaongea saa zima. Usiku ule alilala fofofo, muziki na kelele zote za jirani hakuzisikia.

Kumbe hata kanuni za AA zenyewe ziko hivyo: walevi wawili au watatu wakikutana ili wabaki bila kunywa, wanaweza kujiita kikundi. Kwa hiyo wewe uliye Mpanda, Inyonga au Karema, usingoje chama kije na bendera. Anzia kwa muuguzi, kwa shehe, kwa mchungaji. Hao wanawajua walioacha kimyakimya.

Ila shika hili: aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikate ghafla, peke yake nyumbani. Anaweza kutetemeka, akaona mauzauza, hata degedege likampiga, na watu hufa hivyo. Apitie hospitali kwanza.

Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, na ilikuwa vema. Lakini kiu haikomi kwa tangazo la serikali. Mzee na binamu sasa wanapigiana simu kila Jumamosi jioni, muda ule ule baa zinapofungulia muziki. Wewe mwenye hamu iliyokukaba, Jumamosi hii utampigia nani?