Sanduku la Jim Reeves

Wengi wenu mnalijua sanduku alilotuachia marehemu Baba: nyimbo za Jim Reeves tangu alipoanza hadi alipokufa kwa ajali ya ndege, Julai 1964. Lilitolewa na kampuni ya Bear Family ya Ujerumani mwaka 1994, nalo lina CD 16.

Kila Krismasi hapa London ubishi ni ule ule. Shangazi asema CD 16 ni nyingi mno. Yeye ataka zile za Krismasi tu, alizozizoea Nairobi. Mjomba asema nyimbo zilizoongezewa ala baada ya kifo cha mwimbaji si zake tena. Mimi humjibu kwamba "Distant Drums", iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1966, ni mojawapo ya hizo, na Baba aliinunua santuri yake juma la kwanza alipofika hapa.

Tangu mazishi sanduku limezunguka nyumba kwa nyumba, na sasa zimebaki CD 15. Aliyenayo ile moja hatutamwuliza neno. Airudishe tu. Ndiyo Baba aliyokuwa akiiweka kila Jumapili jioni, na sikuwahi kumwuliza kwa nini.