Usiniulize Bei, Niulize Tutalala Wapi

Safari yangu ya kwanza ya kuvuka Himalaya niliipanga kwa WhatsApp, nikiwa nimelala kwa kitanda cha hosteli, nikila chapati ya jana. Septemba 2022. Mimi na rafiki yangu wa Kisumu tulikuwa tunasoma Pune, India, na tulikuwa tumeapa hatutarudi Kenya kabla ya kuiona Ladakh.

Kama hujui Ladakh, ni ile sehemu ya kaskazini kabisa mwa India, imebanwa kati ya Pakistan na Tibet. Milima mikavu, maziwa ya bluu, monasteri zimebandikwa kwa miamba. Mji wake, Leh, uko kama mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Unaweza kuruka na ndege kutoka Delhi ufike ukiwa bado na usingizi, lakini sisi tulitaka barabara. Manali hadi Leh, zaidi ya kilomita 400, na theluji huifunga sehemu kubwa ya mwaka. Nani huenda huko na ndege halafu akose video ya barabara?

Basi nikatafuta kampuni. Tatu zilijibu. Ya kwanza ilitaka rupia 34,000 kila mtu, siku tisa. Ya pili 31,000, siku nane. Ya tatu 23,000, siku sita. Nikapatana na hiyo ya tatu hadi 21,500, nikajiona mjanja wa kuuza duka. Rafiki yangu aliuliza mara moja tu, "Mbona hawa ni rahisi hivi?" Nikamwambia hao wengine wanatuona wageni. Nasema hivi mapema ili ijulikane: mimi ndiye nilichagua.

Sasa kumbe jibu la swali lake lilikuwa kwa ratiba, ukurasa wa kwanza, mbele ya macho yangu. Gari lilikuwa la aina moja na la wale wengine. Chakula kilikuwa karibu sawa. Walichokata ni usiku. Hao wa siku tisa walikuwa wanakulaza Jispa, mita 3,200 hivi, usiku mbili, kabla ya kukupandisha. Wetu walitutoa Manali, mita 2,050, wakatulaza Sarchu siku hiyo hiyo. Sarchu iko karibu mita 4,300. Fanya hesabu. Ni zaidi ya mita 2,200 kati ya kitanda cha jana na kitanda cha leo, na madaktari wa milimani husema ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya 500 hivi kwa usiku mmoja.

Mimi nilikuwa nimeona jina tu. Sarchu. Hata sikugoogle.

Na tulikuwa na ile kiburi ya "sisi ni Wakenya, Nairobi iko juu." Wee. Nairobi ni mita 1,700, na sisi tulikuwa tumekaa Pune miezi kadhaa, chini ya mita 600. Mwili haukumbuki passport yako.

Kufika Sarchu, jua linazama, uwanda mpana, mto umekata udongo kama keki, hema zimepangwa mstari. Nikatoa simu, nikarekodi. Rafiki yangu akasema ana kichwa kidogo. Saa mbili usiku akakataa chakula. Saa nne akaanza kutapika. Kama saa saba usiku nilimwamsha nimpe maji, akaniangalia kama mtu asiyenijua, na alipojaribu kusimama akayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi.

Nikakimbia kumwamsha dereva. Nilikuwa namwita bhaiya, yaani kaka, na mpaka leo nikikumbuka uso wake nashukuru. Hakubishana. Alivaa viatu tu. Kwa ratiba yetu ilikuwa imeandikwa "gari lina oksijeni." Mtungi ulikuwepo kweli, umefungwa vizuri nyuma ya kiti. Mshale ulikuwa kwa sifuri. Mwenye kambi ndiye alitupatia wake.

Halafu ndio nikaelewa tulikuwa tumelala wapi. Kila mtu anajua dawa ya ule ugonjwa ni kushuka. Lakini kutoka Sarchu huwezi kushuka hivi hivi. Upande wa Leh kuna migongo ya milima, mmoja wapo unapita mita 5,000. Upande wa Manali kuna Baralacha La, karibu mita 4,900. Uko kwa bakuli. Ili umteremshe mgonjwa ni lazima kwanza umpandishe. Kampuni ilikuwa imetuuzia usiku wetu wa kwanza mlimani mahali ambapo mlango wa kutoka uko juu ya paa, na huko hakukuwa na hata laini moja ya simu ya kumpigia mtu.

Tulivuka Baralacha gizani. Nilikuwa nimemshikilia maski kwa mkono mmoja na kichwa chake kwa mwingine, nikimwuliza maswali ya kijinga ili asilale. Mama yako anaitwa nani? Matatu ya kwenda kwenu ni namba gani? Kuna wakati hakujibu. Sitaandika zaidi hapo. Tulipoanza kuteremka upande wa pili, karibu na Darcha, aliniambia, kwa Kijaluo, nimwache kichwa chake. Nililia kama mtoto. Asubuhi tulikuwa hospitali ya Keylong, mita 3,000 na kitu, na jioni alikuwa anaitisha chai.

Kampuni nayo? Niliwaandikia. Walijibu kwa heshima kabisa kwamba mteja akiugua ni hali yake binafsi, na siku zilizobaki hazirudishiwi pesa. Kuhusu mtungi hawakusema chochote. Tulirudi Pune na basi, na kwa wiki mbili tulikuwa tunaongea mambo ya masomo tu.

Yeye ndiye alisema turudi. Juni 2023, baada ya kuongea na daktari aliyempa masharti na dawa, na kumwonya kwamba dawa haichukui nafasi ya kupanda polepole. Safari hii niliwapigia watu wa Leh kwenyewe, nikaacha kuanza na bei. Swali langu la kwanza lilikuwa: tutalala wapi kila usiku, na pale pana mita ngapi? Wawili walinitumia tena picha za maziwa. Wa tatu, mama mmoja mwenye sauti ya kuchoka, alinitajia namba zote bila kuangalia karatasi, halafu yeye ndiye akaniuliza: kati yenu kuna aliyewahi kuugua juu? Hapo hapo nikajua ni yeye. Alitutoza 36,000 kila mmoja, na sikuomba apunguze.

Na alitueleza vitu ambavyo wale wa kwanza hawakugusa. Mgeni huwezi kwenda bonde la Nubra wala ziwa Pangong bila kibali maalum, na kibali hicho kilitaka ajenti aliyesajiliwa na angalau watu wawili, kwa hivyo kama umeenda peke yako uliza atakuunganisha na nani. Gari lililokutoa Manali haliruhusiwi kukuzungusha Ladakh. Ni magari ya huko tu, madereva wa Leh wako na umoja wao na hawachezi. Ukiona bei inayosema gari moja mwanzo mwisho, kuna pesa utaitishwa mbele. Laini yako ya kulipia kabla, ya mkoa mwingine, inazimika Ladakh. Hii ya mwisho iliniuma kuliko zote, najua mnanijua.

Tulilala Jispa usiku mbili. Siku ya tatu tukatoka saa kumi alfajiri na kupita Sarchu bila kusimama, kwa sababu yule mama alisema ni afadhali siku moja ndefu ya kuumiza mgongo, ukalale chini Leh, kuliko kulala kule juu. Rafiki yangu aliangalia zile hema kupitia dirishani. Hakusema kitu. Akafungua biskuti.

Leh tukapumzika siku mbili nzima bila kufanya lolote, na hapo nusura nilalamike, manake kukaa bure kwa pesa yako kunauma. Kisha tukavuka Khardung La. Bango la pale kwa miaka mingi limedai futi 18,380. Vipimo vinasema ni 17,582, yaani mita 5,359. Hata hiyo namba ya ukweli imepita Batian, kilele cha Mlima Kenya, kwa mita 160, na sisi tuko ndani ya gari. Hewa ya pale inakupa karibu nusu ya oksijeni ya Mombasa. Tulikaa dakika kumi na tano, tukapiga picha, tukashuka kulala Nubra, chini kuliko Leh. Rafiki yangu alikula sahani mbili za tambi.

Wiki jana binamu yangu alinitumia bango la safari ya Lenana. Mita 4,985, kutoka Nairobi Ijumaa jioni, kurudi Jumapili asubuhi, bei imepigwa mstari na kuandikwa upya kwa rangi nyekundu. Anataka nimwongezee doh. Nikamuuliza, mnalala wapi?

"Kulala?" akacheka. "Si tutalala tukirudi."

Nimechukua namba ya huyo mwenye bango. Nimempigia mara tatu. Nikimpata nitaanza na usiku wa Ijumaa.