SINDANO KATIKA GIZA TATU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu msomaji, haya niyaandikayo si fatwa. Ni khabari ya jawabu niliyoitoa kwa haraka, na ya mke wangu aliyenifanya niirudie.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha tulikuwa tumekaa barazani kwangu. Mtoto wa ndugu yangu, ambaye ni tabibu, akatusimulia jambo lililofanywa katika mji wa Boston, Marekani, tarehe 15 Machi 2023. Mama mmoja alikuwa na mimba ya wiki 34. Matabibu walipompima kwa ile mashine ya kutazamia tumbo, waliona mtoto ana kasoro ya mishipa ya damu katikati ya ubongo. Kasoro hiyo huitwa kwa jina la mshipa wa Galen, ndiye yule Jalinus atajwaye katika vitabu vya tiba vya Kiarabu.

Ami zangu, akasema, damu hutoka moyoni kwa nguvu, ikapita katika vijishipa vyembamba kama nyuzi, ikapungua kasi, ndipo ikarudi. Mtoto huyu vijishipa hivyo hanavyo mahali pale. Damu ya nguvu yamwagika moja kwa moja katika mshipa wa kurudishia, na mshipa huo hutanuka. Maadam yumo tumboni, kondo la nyuma humpunguzia mzigo. Akizaliwa, kondo humwacha, na moyo hubaki peke yake na kazi isiyo kiasi chake. Moyo hushindwa, mapafu huelemewa, na ubongo huumia. Inakadiriwa kuwa hutokea kwa mtoto mmoja katika 60,000 hivi. Zamani matabibu walikuwa wakingoja azaliwe ndipo waanze tiba, na wengine walikuwa wamekwisha kudhurika.

Safari hii hawakungoja. Dokta Darren Orbach na wenzake walimtia mama ganzi, na mtoto wakamdunga dawa ili asijitikise wala asione maumivu. Kisha, huku wakitazama katika mashine, wakapitisha sindano ndefu katika tumbo la mama, ikaingia katika mfuko wa uzazi, ikapenya fuvu la mtoto mpaka katika ule mshipa uliotanuka. Ndani ya sindano wakapitisha mrija mwembamba sana, na kwa mrija huo wakaweka nyaya ndogo za platini zilizosokotwa, zikaizuia ile kasi ya damu. Siku mbili baadaye mtoto alizaliwa, msichana wa kilo 1.9. Alikaa hospitalini wiki chache kwa kuwa alizaliwa kabla ya siku zake, kisha akaenda kwao bila ya kuhitaji dawa ya moyo.

Wazee wenzangu wakanigeukia. Nami, kwa ile desturi ya mwalimu kutotaka kuonekana hana jawabu, nikasema: "Tumbo la uzazi ni mahali pa giza tatu, Mwenyezi Mungu Mwenyewe ameliziba. Kupeleka sindano humo ni kuingilia kazi yake." Wakatikisa vichwa, wakaridhika.

Walipokwisha kuondoka, mke wangu akanijia na kikombe cha kahawa. Akasema kwa upole, "Maalim, na yule wetu?"

Ndugu msomaji, mwaka 1989 tulijaaliwa mtoto wa kiume. Alizaliwa mzima wa kutazama. Siku ya pili mkunga akaniambia, "Mtoto huyu apumua haraka, na akinyonya hutoka jasho. Mpelekeni hospitali." Mimi nikasema tungoje. Nikaandika kombe, mamake akanywa, nikakaa kumsomea mtoto usiku na mchana. Siku ya nne nikambeba kumpeleka. Siku ya tano akatutoka, kabla ya akika yake. Ugonjwa wake ulikuwa nini hatukuupata kuujua, wala sidai ulikuwa huu wa mishipa. Lakini zile siku mbili ni zangu. Katika miaka yote ile mke wangu hakunitajia hata mara moja, mpaka usiku ule.

Sikulala. Nikafungua vitabu. Nikakumbuka niliyowasomesha wengine nikayasahau mwenyewe: kuwa mtoto aliye tumboni sharia humwekea fungu lake la mirathi, na kuwa wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i walisema tangu zamani kuwa mama akifa na tumboni mwake mna mtoto anayetarajiwa kuishi, tumbo lipasuliwe atolewe. Basi ni nani aliyesema mlango ule hauguswi? Kinachokatazwa ni kudhuru, si kuokoa.

Nikamkumbuka pia Ibn Nafis, aliyefariki Misri mwaka 1288. Alikuwa tabibu, na alikuwa faqihi wa madhehebu haya haya yetu. Jalinus alidai kuwa damu hupenya ukutani mwa moyo kutoka upande mmoja hata wa pili. Ibn Nafis akasema sivyo, damu hupitia mapafuni. Hakuona kuwa kuichunguza njia ya damu ni kumwingilia Muumba, bali alikuwa akitazama kazi Yake.

Hapana shaka mambo haya yana masharti. Aliyefanyiwa ni mmoja wa mwanzo katika jaribio, na jaribio si ahadi. Sindano hupita katika mwili wa mama, basi ridhaa yake ni lazima, na khatari ipimwe na matabibu waaminifu. Na wengi wetu hatuna uwezo wa kufika Boston. Lakini mashine ya kutazamia tumbo iko karibu nasi, na mkunga mwenye macho yuko karibu zaidi.

Dua nayo sikuiacha, wala sikuambii uiache. Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bwana amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee. Mimi nilitegemea, na ngamia nilimwacha wazi.

Ijumaa iliyofuata niliwakusanya wazee wale wale pale pale barazani, nikawaambia kuwa jawabu langu lilikuwa kosa, na kwa nini. Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango akisikiliza. Baadaye aliniletea kahawa, akakaa nami mpaka ikapoa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amjaalie mtoto wetu awe kitangulizi chetu Peponi, na atupe elimu yenye kutufaa kabla ya kuchelewa. Amin.