Laptopu Yangu Ilivyoniumbua Kawetere!

Msomaji wangu, ukimwona mtu wa Makongolosi anatetemeka, usimcheke. Sisi huku tumezoea jua, vumbi na kelele za makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu. Asubuhi za Juni na Julai kabaridi kapo, sikatai, lakini ikifika saa nne shati limeshakugandia mgongoni. Ndiyo maana mwenzenu nilipopata laptopu, maadui niliowajua walikuwa wawili tu: vumbi na joto. Nikaishonea mfuko wa kitambaa, nikawa naifuta kila jioni kama mtoto mchanga. Baridi sikuiwazia hata siku moja, na ni hiyo hiyo iliyokuja kuniumbua.

Laptopu yenyewe ni ya mkononi mwa mtu, betri imeshakula chumvi nyingi. Naiandikia makala, na siku nyingine nawaandikia watu barua na mikataba. Mji wa wachimbaji hauishiwi mikataba. Tangu dhahabu ya Lupa igunduliwe mwaka 1922, watu wamekuwa wakiingia Chunya na sururu begani, na hadi leo wengi wanakubaliana kwa mdomo. Mawe yakianza kutoa mali, midomo inasahau.

Mjomba wangu aliwahi kusahauliwa hivyo mara mbili. Kwa hiyo mwaka jana, yeye na wenzake watano walipopata duara la kuchimba, akaniita. "Mpwa wangu, safari hii tuandikiane." Nikaandika. Kila viroba kumi vya mawe, vinne vyao, sita vya mwenye duara. Mwenye duara anaishi Mbeya mjini, akakubali kwa simu. Nikapiga picha mkataba kwenye kioo cha laptopu, picha ikabaki kwenye simu yangu.

Jioni kabla ya safari mjomba akaja mbio. Dizeli! Tulikuwa tumesahau dizeli ya mashine ya kuvuta maji. Kwa jinsi nilivyoandika, ungesoma ukadhani dizeli ni ya wachimbaji. Duara lenye maji linakunywa dizeli kuliko basi la Dar. Mjomba akampigia mwenye duara, wakaelewana kwamba dizeli ni yake. Mimi nikasema hakuna noma, nitarekebisha. Halafu, jamani, nikaangalia filamu mpaka usingizi ukanichukua. Nikajiambia nitarekebisha nikifika Mbeya.

Saa tisa usiku nikapanda Noah. Ndani tumebanana, magoti mdomoni. Nikaona laptopu itavunjika, nikaifunga juu ya keria chini ya turubai. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Kutoka kwetu kwenda Mbeya unapanda. Ni zaidi ya kilomita 100, siku hizi lami tupu, na kabla ya kuteremkia mjini unapita juu ya milima ya Mbeya, kwenye misitu ya Kawetere, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Karibu na huko kuna mahali panaitwa Mwisho wa Dunia, watalii wanakwenda kupiga picha bonde la Usangu. Alfajiri ya Julai hupigi picha. Unaomba Mungu.

Na huko ndiko tairi lilikopasuka. Spea nayo haina upepo. Dereva akatushusha wote apige jeki, akamtuma kijana na bodaboda kutafuta tairi. Tukabaki barabarani, ukungu unatupiga usoni, mama mmoja amejifunga vitenge viwili na bado meno yanagongana.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini simu ikalia. Mwenye duara. "Kijana, uko wapi? Nimepata safari ya ghafla ya Dar. Naondoka saa moja na nusu. Nitumie huo mkataba WhatsApp, naprinti hapa jirani, nasaini, namwachia mke wangu."

Nikashusha laptopu kutoka kwenye keria. Bati lake lilikuwa la baridi mpaka linauma vidole. Nikaiweka juu ya jiwe, nikaiwasha. Asilimia 46. Safi! Kioo kikawa kizito kidogo, mshale unasogea kama mzee anayepanda ngazi. Vidole vimekufa ganzi, nataka kuandika dizeli, inatoka "dizwlo". Nikafuta, nikaanza upya. Nikitupa jicho pembeni, asilimia 39. Sijamaliza mstari, kioo kikawa cheusi. Kimya.

Nikabonyeza tena. Kikawaka taa kidogo, kikazima. Mara ya tatu hata taa hakuna.

Simu ikalia tena. "Vipi? Si una ile picha ya mwanzo? Nitumie hiyo hiyo, mambo ya dizeli si tumeshaelewana?"

Hapo ndipo nilipopata jasho kwenye baridi. Picha ipo, kidole changu kiko juu yake. Nikiituma, anasaini, mjomba anaanza kazi kesho. Lakini mkataba unasema vingine, na "tumeshaelewana" ndiyo neno lililomliza mjomba mara mbili. Nikamwambia, "Mzee, nipe dakika chache, mashine imegoma."

Dereva akasema niiweke juu ya injini ipate moto. Bahati nzuri yule mama wa vitenge akaniwahi. "We mwanangu, kitu kilichopigwa baridi hakichomwi. Kinafunikwa." Akanipa kitenge kimoja. Nikaifunga laptopu, nikaisukuma ndani ya jaketi, ikalala juu ya tumbo langu. Ukitaka kujua baridi ni nini, kumbatia bati hilo alfajiri ukiwa Kawetere. Abiria wakaanza kunitania eti nina mimba ya kompyuta.

Saa moja na dakika arobaini nikaitoa. Nikabonyeza. Ikawaka! Asilimia 37. Yaani chaji ilikuwamo humo humo muda wote. Nikaandika mstari wa dizeli, nikatuma. Mwenye duara alikuwa ameshaondoka dakika kumi zilizopita.

Aliusoma njiani, akanipigia. Hana ubaya nao. Ila atasaini akirudi.

Nilipofika Mbeya nikamwendea fundi mmoja Mwanjelwa, nikiwa na hakika betri imekufa. Akacheka. Akaniambia betri hizi za lithiamu, ambazo zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991 na waliozibuni wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019, zina majimaji ndani ambamo chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine. Safari hiyo ndiyo umeme. Baridi ikizidi, chembe zinajikokota, umeme unakosa msukumo. Kompyuta ikiomba nguvu ikaona msukumo umeshuka, inadhani betri imekwisha, inajizima. Betri ikiwa nzee kama yangu ndiyo mbaya zaidi, maana hata kwenye joto ilikuwa inajikokota. Ukiipasha polepole, nguvu inarudi. Baridi haikuiba chaji yangu, iliifungia ndani tu.

Akanionyesha maelekezo ambayo hakuna anayeyasoma: laptopu nyingi zinataka kutumika kati ya nyuzi 10 na 35. Kule mlimani Julai alfajiri unashuka chini ya hapo bila shida, na ndugu zetu wa Kitulo na Makete wanaamka wakakuta majani meupe kwa barafu. Huko ndiyo usichaji kabisa mashine ikiwa imeganda. Kuchaji betri ya lithiamu chini ya nyuzi sifuri kunaiharibu moja kwa moja, haiponi hata ukiifunika vitenge kumi.

Kitu kingine, na hapa karibu niongeze kosa juu ya kosa. Kabla ya kwenda kwa fundi niliingia mgahawani kunywa supu. Ndani kuna mvuke wa masufuria, nikataka kuiwasha mezani. Kioo kikapiga ukungu kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Fundi akaniambia ukungu huo unaweza kuingia hata ndani, kwenye saketi, na maji na umeme hawajawahi kuwa marafiki. Ukitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto, iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ilingane na chumba. Nusu saa, saa nzima, vumilia. Kunywa supu yako.

Basi nikarudi Makongolosi na aibu yangu. Mwenye duara alikaa Dar siku tisa. Siku tisa mjomba na wenzake watano wamekaa kivulini, sururu zimeegemezwa ukutani, watoto wanataka kula. Hakunitukana. Kila asubuhi alikuwa anapita mlangoni kwangu na kuuliza, "Mpwa wangu, mashine imeshakunywa chai?" Bora angenitukana.

Siku ya kumi mkataba ukasainiwa, mstari wa dizeli ukiwamo. Mwezi wa pili maji yakajaa duarani, mashine ikanguruma mchana na usiku. Mwenye duara akaja mwenyewe na mapipa ya dizeli, mkononi ana karatasi yake. Mjomba alinitazama, hakusema neno. Akanikata kipande cha muwa.

Siku hizi nikipanda Mbeya, laptopu inakaa mapajani mwangu, ndani ya kitenge. Kile kitenge nilitaka kumrudishia yule mama, akakataa, akasema mtoto wangu atahitaji. Nikilazimika kuiwasha nje kwenye baridi, naipasha kwanza ndani ya jaketi, napunguza mwanga wa kioo, nafanya la muhimu, nafunga. Na kazi ya jioni naimaliza jioni. Filamu haina dizeli, inaweza kusubiri.