Konokono mdogo kama punje ya mchele

Wahenga walisema usione wembamba wa reli, garimoshi hupita. Nilikumbuka maneno hayo nikiwa Voi, mji wa reli, nikingojea matatu ya Wundanyi.

Safari hupitia Mwatate, kisha barabara huanza kupanda na kujipinda kwenye milima ya Taita. Joto la Voi husahaulika, na sweta hutolewa mfukoni. Kutoka Wundanyi niliendelea hadi msitu wa Ngangao, nikiongozwa na mzee mmoja mwenyeji.

Wageni wengi hufika hapa kutazama ndege. Mzee aliniambia nipige magoti, akafunua majani makavu chini ya mti.

"Tazama, mwanangu."

Niliona kitu nilichodhani ni punje ya mchele. Kumbe ni konokono!

Ni wa jamii ambayo wataalamu huiita Gulella. Wengi wao hawafikii hata sentimita moja. Hawana matamvua kama samaki. Huvuta hewa kupitia tundu dogo ukingoni mwa gamba. Mlango wa gamba lao una vijino vinavyoufanya uwe mwembamba. Na usidhani, msomaji, kwamba hula mboga kama konokono wa bustani yako. Hawa huwinda konokono wenzao!

Aina moja, Gulella taitensis, ilipewa jina la milima hii mwaka wa 1963 na Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Haijulikani kwingine nje ya Kenya.

Nilitoa kisanduku kitupu cha kiberiti, nikitaka kuwapelekea wanangu mmoja. Mzee akanishika mkono.

"Ndege akikosa mti hapa, ataruka hadi mlima ule. Huyu ataenda wapi?"

Nilitazama alikonyoosha kidole. Kati ya Ngangao na msitu wa Mbololo kuna bonde, mashamba na nyumba za watu. Misitu ya asili ya Taita imebaki vipande vipande. Konokono aliyezoea unyevu wa majani yanayooza hawezi kulivuka shamba tupu lenye jua kali. Kipande chake kikifyekwa, naye kwisha.

Nilikirudisha kisanduku mfukoni kikiwa kitupu. Nyumbani wanangu walipouliza zawadi yao, niliwajibu kwamba nimeiacha Ngangao, chini ya majani. Likizo ijayo tutaifuata pamoja, kwa magoti.